Jiografia ya Mvinyo, Ikifundishwa Lodwar

(Mhadhara kwa wanafunzi na walimu wa jiografia pamoja na wakazi wa mji, Nawoitorong, Lodwar)

 

Kichwa cha mhadhara kilipotangazwa, maswali yalianza kabla ya mhadhara wenyewe. Jiografia ya mvinyo? Katika kaunti ambamo mama huchimba mchanga wa laga, yaani mto mkavu, kutafuta maji ya kunywa, mtu anakuja kutuhubiria pombe ya Wazungu? Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba somo hili, likifundishwa hapa, halihusu kunywa. Linahusu joto, maji, barabara, sheria na ibada, na mzabibu ni kisa tu cha kuyaleta yote hayo kwenye ramani moja. Mwanafunzi anaweza kulipita kwa alama za juu bila kuonja hata tone, na wale wasiokunywa kwa sababu ya dini hawatapungukiwa na kitu.

Wala si somo nililolibuni mimi. Aliyelipa heshima katika vyuo vikuu vya Marekani ni Harm de Blij, mwanajiografia aliyezaliwa Uholanzi mwaka 1935 na kusomea Afrika Kusini kabla ya kwenda Marekani. Alifundisha jiografia ya mvinyo katika Chuo Kikuu cha Miami, na mwaka 1983 akatoa kitabu kizima juu yake. Lakini de Blij hakuanzia kwenye mvinyo. Alianzia kwetu. Mwaka 1963 alichapisha utafiti juu ya mji wa Dar es Salaam, na mwaka 1968 akachapisha mwingine juu ya Mombasa. Mtu aliyekwisha kuuliza kwa nini bandari imekaa pale ilipokaa, inalishwa na bara lipi na inamlisha nani, hakuhitaji kujifunza upya ili aulize maswali hayohayo juu ya shamba la mizabibu. Wanafunzi wanaodhani kwamba somo hili ni anasa ya watu walioshiba huwa nawakumbusha hilo.

Kabla yake, Ufaransa ilikuwa na Roger Dion, aliyechapisha mwaka 1959 historia kubwa ya mzabibu na mvinyo wa nchi hiyo. Wafaransa walikuwa wamezoea kusema kwamba mvinyo bora ni zawadi ya udongo: kilima fulani, chokaa fulani, jua la upande fulani. Dion hakuukana udongo, ila alionyesha kwamba mashamba mashuhuri yalifuata mito inayopitisha mashua, bandari, na miji yenye watu wa kulipa. Bordeaux ilikuwa na mto na bahari, tena na wanunuzi wa Uingereza. Champagne ilikuwa karibu na Paris. Udongo mzuri uliokaa mbali na njia ulibaki kuwa malisho ya kondoo. Nadhani hakuna mtu wa Turkana anayehitaji kuelezwa mara mbili maana ya kukaa mbali na njia.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana jiografia bila hesabu ni masimulizi.

Mwaka 1944 Maynard Amerine na Albert Winkler wa Chuo Kikuu cha California, kule Davis, walitoa kipimo ambacho hadi leo hufundishwa katika kila darasa la mvinyo. Walisema hivi: mzabibu hauanzi kufanya kazi mpaka joto lipite nyuzi 10 za Selsiasi. Basi chukua wastani wa joto la kila siku, toa 10, kisha jumlisha kinachobaki kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Oktoba. Hizo ni siku 214. Jumla unayopata inakupa kanda, ya kwanza hadi ya tano. Kanda ya pili huanzia kama 1,390 na kuishia 1,670. Kanda ya tano, ile ya joto kali kuliko zote, huanzia kama 2,220 na kufikia 2,700.

Tujaribu na miji tunayoijua. Naivasha, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900, ina wastani wa nyuzi 17 hivi. Toa 10, unabaki na 7. Zidisha mara 214, unapata 1,498. Kanda ya pili, sawa na sehemu zenye sifa huko Ulaya. Dodoma, mwinuko wa kama mita 1,100, tuipe wastani wa nyuzi 22: unapata 2,568, kanda ya tano. Na Lodwar? Tuko mita 500 tu juu ya bahari, na wastani wetu ni kama nyuzi 29. Toa 10, unabaki na 19. Zidisha. Jibu ni 4,066.

Nasikia mnacheka, na mna haki. Tumelipasua jedwali. Hakuna kanda ya sita wala ya saba. Lodwar haimo katika dunia ya Amerine na Winkler.

Hapo mwalimu mvivu angefunga daftari na kusema: tazameni, mvinyo ni mazao ya kati ya latitudo 30 na 50, sisi tuko nyuzi 3 kaskazini mwa ikweta, kipindi kimekwisha. Mimi naona ndipo kipindi kinapoanza. Tujiulize: kwa nini Aprili hadi Oktoba? Kwa sababu California ina majira ya baridi. Mzabibu wa huko hulala, ukapukutisha majani, ukaamka masika yanapofika. Kipimo kile kimebeba majira ya kwao kimyakimya, wala hakisemi. Lodwar haina usingizi huo. Hapa Januari na Julai ni ndugu. Kwa hiyo hesabu niliyoifanya sasa hivi, ingawa haina kosa la kuzidisha, ina kosa la kuhama: nimechukua kalenda ya watu wengine nikaivisha mji wangu. Mwanafunzi akitoka hapa na hilo moja tu, ada yake haikupotea.

Wakulima wa Dodoma walilijua jambo hilo kwa mikono yao. Mizabibu ililetwa huko na wamisionari wa Kiitaliano, na Bihawana ndipo jina linapotajwa kwanza, katika miaka ya 1950. Mzabibu ukiachwa bila baridi, hutoa majani mwaka mzima na kuzaa ovyo. Basi mkulima wa Hombolo au Mpunguzi hushika mkasi akapogoa, akaupa mti majira yake kwa nguvu. Miezi minne hivi baadaye anavuna. Ndiyo maana Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, kama Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Ulaya mtu husubiri mwaka mzima. Serikali ya Tanzania ina kituo cha utafiti wa zabibu pale Makutupora, na aina moja ya zabibu nyekundu imechukua jina la kituo hicho.

Lakini nisiwauzie ndoto. Mavuno mawili maana yake ni kumtafuta mnunuzi mara mbili. Zabibu haingoji kama mahindi ghalani. Ikikaa juani siku chache imekwisha. Mara kwa mara wakulima wa Dodoma wamelalamika kwamba mavuno yamekosa mnunuzi, viwanda vimejaa au bei imeanguka. Tanzania ilijaribu kuwasaidia kwa kodi: mvinyo uliotengenezwa kwa zabibu za nchini zinazozidi asilimia 75 hutozwa ushuru mdogo kuliko ule unaotoka nje. Hiyo pia ni jiografia. Mstari wa ushuru una nguvu ya kuhamisha shamba kuliko mstari wa mvua.

Kwetu Kenya mambo ni madogo zaidi, nami nitayapita haraka. Naivasha imejaribu mizabibu tangu miaka ya 1980, na kuna shamba la Yatta, Machakos, la Kenya Wine Agencies, kampuni iliyoundwa mwaka 1969 na ambayo kwa muda ilijulikana zaidi kwa mvinyo wa mapapai. Ila kuna mtu mmoja ambaye siwezi kumruka nikiwa Turkana. Richard Leakey, ambaye kikosi chake kilifukua mifupa ya binadamu wa kale aitwaye kijana wa Nariokotome mwaka 1984 baada ya jicho kali la Kamoya Kimeu kuona kipande cha kwanza, baadaye alipanda mizabibu ukingoni mwa Bonde la Ufa, kusini mwa Nairobi, akakamua mvinyo wake mwenyewe. Alichagua zabibu inayopenda baridi, akaipeleka juu kwenye baridi. Aliijua Turkana vizuri mno hata asithubutu kuipanda huku.

Je, joto la huku ndilo lenye neno la mwisho? Hapana, na mfano uko Brazili. Katika bonde la mto São Francisco, karibu na mji wa Petrolina, nyuzi 9 kusini mwa ikweta, nchi ni tambarare, kavu, yenye miiba na mbuzi, na mvua hukosekana miezi mingi. Ukipaona utadhani uko Lokichar. Joto la pale hukaribia nyuzi 26 kwa wastani. Hata hivyo panatoka zabibu na mvinyo kwa wingi, na wakulima hupanga tarehe ya mavuno wenyewe: shamba hili linapogolewa leo, lile wiki ijayo. Siri ni mfereji. Mto ule ulizibwa kwa bwawa la Sobradinho, maji yakasambazwa mashambani, barabara zikafika, na wanunuzi wakafuata.

Sisi nasi tuna mto na tuna bwawa. Turkwel hutoka Mlima Elgon, ukapita hapa mjini kuelekea ziwani. Bwawa la Turkwel lilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mitambo yake ina uwezo wa megawati 106. Umeme huo ulivutwa kwa nyaya hadi Lessos, upande wa Eldoret, huku Lodwar ikiendelea kuwashiwa taa na jenereta za dizeli. Weka ramani ya Petrolina na ramani ya Lodwar mezani, bega kwa bega. Jua linakaribiana. Mto upo kote kuwili. Tofauti ni mahali mfereji ulikoelekezwa na mahali waya ulikoelekezwa. Hilo ni swali la mtihani, la alama ishirini, na sitaki jibu la "ukame".

Kabla mtu hajanyanyuka na kuomba fedha za mradi wa mizabibu, nakumbusha Kalokol. Norwei ilitujengea kiwanda cha kugandisha samaki kando ya ziwa, kikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kugandisha samaki katika joto hili kulimeza pesa nyingi kuliko thamani ya samaki wenyewe, maji safi yalikuwa shida, na baadaye ghuba iliyokuwa ikitoa samaki ikakauka. Jengo lilibaki. Mimi siungi mkono shamba la mizabibu Lodwar. Maji ya Turkwel yana kazi za haraka zaidi: mtama na mahindi ya Katilu, na mifugo. Ninachotetea ni somo.

Na msidhani mvinyo wa zabibu haujafika hapa. Umefika zamani, kwa mlango wa kanisa. Mapadre wa Shirika la Mtakatifu Patrick walianza kazi Turkana mwaka 1961, kipindi cha njaa, na Lodwar ikawa jimbo kamili mwaka 1978. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 924, inadai divai ya Misa iwe ya asili, itokane na tunda la mzabibu, na isiwe imeharibika. Padre wa Lokitaung hawezi kutumia mnazi wala busaa, hata kama waumini wake wangeridhika. Kwa hiyo kila parokia ya jimbo hili, kila Jumapili, inategemea mmea usiolimwa hapa. Divai hupanda Kitale, ikashuka kupitia Kainuk na Lokichar, kisha ikaingia kwenye gari la misheni kuelekea vituo vya mbali. Divai ya altare ni kipimo kidogo tu, lakini ukichora njia zake utakuwa umechora parokia, barabara zinazopitika wakati wa mvua na zisizopitika, na mahali penye friji.

Friji si neno la mzaha. Ingieni dukani mjini, mtazame chupa ya mvinyo iliyosimama rafu ya juu chini ya bati. Saa nane mchana kimiminika kimepanuka, na kizibo kimeanza kuinuka chini ya karatasi ya shaba. Ukipitisha kidole shingoni mwa chupa utakuta unato: mvinyo umevuja kidogo, hewa imeingia kidogo, na kilichomo ndani kinaelekea kuwa siki iliyopikwa. Mnunuzi ataonja na kusema, kumbe mvinyo ndivyo ulivyo. Kanisa lilishaliona tatizo hilo zamani: liliruhusu divai ya altare iongezwe spiriti ya zabibu isiharibike njiani, mradi kileo kisizidi asilimia 18. Wareno wa kisiwa cha Madeira walifanya hivyohivyo kwa ajili ya safari za bahari, na wakagundua kwamba mapipa yaliyovuka joto la tropiki ndani ya merikebu yalirudi na ladha nzuri zaidi, hata wakaanza kuupasha moto mvinyo wao makusudi. Ukitaka mvinyo usioiogopa Lodwar, ni huo. Umekwisha kupikwa.

Sasa twende Kakuma, kilomita 120 hivi kutoka hapa, maana huko somo lina maabara ambayo Davis hawana. Kambi ya wakimbizi ilianza mwaka 1992 kwa vijana waliotoka Sudan, na makazi ya Kalobeyei yakaongezwa mwaka 2016. Wamo watu wa Sudan Kusini, Somalia, Ethiopia, Kongo, Burundi, na wenyeji Waturkana waliozunguka pande zote. Kila jamii imekuja na kinywaji chake, au imekuja bila kinywaji. Msomali hanywi, na mtaa wake una chai ya maziwa na viungo. Mwethiopia ana kahawa yake ya kuchomwa mbele ya mgeni, na kwao nyumbani mvinyo wa asali ni wa karamu. Mama wa Sudan Kusini hupika pombe ya mtama. Mturkana mwenyewe, mfugaji, uchachushaji wake wa asili ulikuwa wa maziwa, akibuk ndani ya kibuyu, kwa sababu sukari aliyokuwa nayo kwa wingi ilikuwa ndani ya maziwa na wala si ndani ya matunda. Huku bara tulipika nafaka, pwani ya Kilifi walipanda mnazi wakagema. Kila mahali watu huchachusha kile ambacho nchi imewapa, na kambini nchi imetoa gunia la mgao.

Hapo ndipo mambo yanapokolea. Mtama wa msaada ukipikwa pombe, chakula kimegeuka fedha ya sabuni na ada ya shule, na huenda mtoto amelala na njaa. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipoanzisha Bamba Chakula mwaka 2015, fedha ya simuni ya kununulia chakula, lilikataza isinunue pombe wala tumbaku. Mstari mwingine ukachorwa kwenye ramani, usioonekana kwa macho: shilingi hii inaweza kuvuka hapa, pale haiwezi.

Nawaonya wanafunzi watakaokwenda kufanya utafiti huko. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010 inamtaka mtengenezaji awe na leseni, na mama wa busaa kibandani hana. Ramani ya wapikaji ni ramani ya polisi vilevile. Chora mtaa, usichore nyumba. Andika bei, usiandike jina. Ukishindwa kuishika kanuni hiyo ndogo, baki Lodwar uhesabu malori. Na usiandike kana kwamba pombe ni utamaduni wa kupendeza tu. Wengi waliokaa ukumbini humu wana ndugu walioharibiwa na chang'aa, na jiografia ya pombe isiyotaja madhara hayo ina uongo ndani yake.

Kuna sura moja ya somo hili ambayo naiona tamu kuliko zote, na haina kilevi kabisa. Mji wa Beaune, kule Burgundy, uliweka kumbukumbu za tarehe ya kuanza kuvuna zabibu, na mwaka 2019 watafiti walichapisha mfululizo wake unaoanza mwaka 1354 na kuishia 2018. Zabibu ikiiva mapema, mwaka ule ulikuwa wa joto. Wataalamu wa tabianchi wakazitumia tarehe hizo kama kipimajoto cha miaka zaidi ya 660, na wakaona wazi jinsi mavuno yalivyokimbilia mbele tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Wavunaji wale hawakuwa wanasayansi. Walikuwa wanapanga kazi.

Wazee wa Turkana nao walihifadhi miaka, kwa majina. Mtu akitaja Lopiar, kila mwenye umri anajua ni ile miaka ya 1979 hadi 1981, ukame na maradhi na uvamizi vilipofagia mifugo. Kabla yake kuna majina mengine, na baada yake mengine, na kila ukoo una orodha yake. Hiyo ni kumbukumbu ya tabianchi kama ile ya Beaune, isipokuwa ile ya Beaune iliandikwa na halmashauri ya mji, na hii yetu imo vichwani mwa watu ambao kila mwaka tunawazika. Mwanafunzi aliyesoma jinsi tarehe za zabibu zilivyogeuzwa kuwa kipimo cha joto atajua cha kufanya na jina la ukame: amuulize mzee nani alizaliwa mwaka ule, mvua ilinyesha wapi, walihamia kisima kipi, kisha alinganishe na vipimo vya kituo cha hali ya hewa cha hapa Lodwar.

Ombi langu ni kwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana, hapa hapa mjini, na kwa walimu wa jiografia waliomo ukumbini. Lianzisheni somo hili, muhula mmoja tu, katika mwaka wa tatu. Halihitaji pishi wala chupa. Linahitaji atlasi, takwimu za joto na mvua, ruhusa ya kuingia Kakuma, na gari la kumfikisha mwanafunzi Katilu na Turkwel. Na kazi ya kwanza ya muhula isiwe juu ya Ufaransa. Mpeni kila mwanafunzi daftari, mtumeni kwa mzee wa kwao akaandike majina ya miaka, na mfanye hivyo mwaka huu, wazee wangali wapo.